Matairi ya Bwana Nyuki

Mimi sikuzaliwa kuendesha pikipiki. Naliweka hilo mbele kabisa, maana hapa mtaani kwetu Chemchem watu wakiniona napita na kofia ngumu kichwani, kitenge nimekifunga juu ya suruali, mume wangu amekaa nyuma yangu kimya, wanadhani ni vituko vya uzeeni. Wapo waliosema nimemkalia mwanamume kichwani. Waseme, midomo ni yao. Mimi nilichoka kitambo, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kumjibu kila anayebwata barazani.

Pikipiki yenyewe ni ya mume wangu. Aliinunua wakati yeye ni bwana nyuki, anazunguka misituni kuwafundisha watu kutundika mizinga na kurina asali bila kuunguza msitu mzima. Tangi lake lilikuwa jekundu, sasa lina rangi ya tofali lililonyeshewa. Kiti kimeshonwa upya kwa turubai. Amestaafu nayo. Alipostaafu akabaki na mizinga yake mwenyewe, huko porini upande wa Sikonge, na kila wiki aliwasha chombo chake akatoweka, akarudi jioni ananuka moshi na nta, ana furaha hata ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza chai iko wapi. Mimi kwenye pikipiki ile nilikuwa abiria wa sikukuu tu. Nakaa upande, natoa salamu huku na huku, basi.

Kisha akapata kiharusi. Asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu. Alirudi kutoka hospitali mdomo umeshuka kidogo, mkono wa kushoto umejikunja kifuani, na mguu wa kushoto anauburuta. Kichwa chake kizima, maneno yake yote anayo, ila yanatoka polepole. Akapangiwa mazoezi ya viungo kila wiki pale hospitali, na mimi nina shule ya kufundisha nje ya mji, na nyumbani tumebaki sisi wawili. Kwanza nilihangaika na bajaji. Dereva anapiga honi huku mgonjwa bado anautafuta mguu wake kwenye ngazi ya mlango! Siku moja nikasema liwalo na liwe, nikaitoa pikipiki uani.

Yeye ndiye aliyenifundisha. Alikaa kwenye kigoda chini ya ukuta, akanipigia kelele mpaka majirani wakaja kuchungulia. "Klachi! Achia polepole! Polepole, mama, hilo si jembe!" Nikaanguka, nikainuka, nikaanguka. Nikajikaza kisabuni mpaka nikajua. Na kila nilipofanikiwa kuzunguka uwanja bila kugonga kitu, alinisifu kwa maneno yale yale: "Vizuri. Ni kwa muda tu."

Kwa muda tu. Maneno hayo niliyabeba mwaka mzima na zaidi. Daktari alipoulizwa alisema tutaona. Ndugu zake walisema Mungu mkubwa. Mimi nilisema ndiyo, baba, nikageukia masufuria. Asubuhi nampaka mafuta mkono, namvalisha, nampikia uji, nakwenda kufundisha watoto ambao hawataki kufundishwa, narudi, nampeleka mazoezini, narudi, napika tena. Katikati ya hayo yote ningepata wapi nguvu ya kukaa naye kitako nimwambie kwamba huo muda hauna mwisho?

Sasa matairi. La nyuma lilikuwa kipara muda mrefu, na tyubu yake ilikuwa na viraka juu ya viraka. Kila mara nilisema wiki ijayo. Mvua za kwanza zikatukuta na wiki ijayo hiyo hiyo.

Tulikuwa tunatoka mazoezini. Ilinyesha kidogo, ile mvua ya kulowesha lami bila kuiosha. Kwenye kona ya kuingia Kanyenye gurudumu la nyuma likaenda zake. Pikipiki ikianza kulala, mtu aliye nyuma hutupa mguu chini, mwili wenyewe humtuma. Tulikuwa tunalalia kushoto, na upande ule mume wangu hana mguu wa kutupa. Tukalala pale polepole, bila kishindo, kama ng'ombe anavyojilaza. Hatukuumia, goti langu tu lilichubuka. Ila yeye alibaki ameketi kwenye maji machafu, kofia mkononi. Nikamvuta, hakuinuka. Nikamvuta tena, nikaanza kulia kwa hasira, huku magari yanatupita. Wanaume fulani wakaacha shughuli zao wakaja kumnyanyua kwa makwapa. "Pole, babu. Pole sana, babu." Mume wangu hajafika umri wa kuitwa babu na wanaume wenye ndevu.

Tulipofika uani akainama akalishika tairi la nyuma kwa mkono wake mzima, akapitisha kidole pale ambapo nyuzi zilishaanza kuonekana.

"Tubadili," akasema. "Yote mawili. Tuweke kashata."

Nikajua siku niliyokuwa naikwepa imefika.

Kwa wasiojua, kashata ni matairi yale yenye vipande vikubwa vya mpira vilivyoachana, vimekaa mfano wa kashata za karanga zilizopangwa kwenye sinia. Porini hayana mpinzani. Yanachimba mchanga, yanachimba tope, yanapanda kichuguu. Kwenye lami ni shida tupu. Yanalia njia nzima, yanaisha upesi, na lami ikilowa yanateleza, kwa sababu mpira unaogusa chini ni kidogo. Matairi ya lami yana uso mpana na mistari ya kukamulia maji. Mimi njia yangu ya hospitali ni lami, na ya shule ni changarawe iliyoshindiliwa vizuri. Porini siendi, sina kazi huko. Aliyekuwa anakwenda porini ni yeye.

Basi ugomvi ulikuwa hapo. Tukifunga kashata, maana yake anarudi kuendesha, anakwenda kwenye mizinga yake. Tukifunga ya lami, maana yake pikipiki imekuwa yangu, na yeye ni abiria mpaka mwisho wa maisha yake. Hakuna aliyelisema hivyo. Tulisema mpira, tulisema mchanga, tulisema mvua. Yeye akasema kashata hudumu, mimi nikasema hazidumu. Akasema nimejua juzi kushika usukani leo namfundisha matairi. Nikamwambia ni kweli, nimejua juzi, na ndiyo maana sitaki kuanguka. Akageukia ukuta. Nilimwona namna alivyogeuka na roho ikaniuma, lakini sikurudi nyuma, maana safari ijayo angeweza kuangukia mbele ya lori.

Tulianza na duka moja la Kanyenye, la mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yake imeuza vipuri hapo tangu enzi za baiskeli. Mtu mwenye adabu zake. Akatukaribisha, akatoa aina zote mbili akazisimamisha juu ya meza ya duka. Kisha akauliza swali ambalo kila muuza matairi huuliza.

"Anaendesha nani?"

"Mimi," tukasema. Sote wawili, kwa pamoja.

Yule mzee akaangalia risiti zake. Mume wangu akaangalia barabarani. Mimi nikasema tutarudi, nikamshika mkono tukatoka, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningeweza kulala pale pale kwenye ngazi za duka la watu.

"Twende kwa Mzaramo," mume wangu akasema alipokwisha kukaa kwenye pikipiki.

Mzaramo ni mtani wake. Duka lake liko Ng'ambo, na benchi la ufundi liko nje, anauza na kufunga yeye mwenyewe. Alikuja na treni kutoka pwani akiwa kijana, akaoa huku, akazaa huku, na Kinyamwezi anakisema kutushinda baadhi yetu. Lakini Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani, tangu misafara ile ya zamani ilipokuwa ikitoka hapa na pembe za ndovu mpaka pwani na kurudi na vitambaa. Wazee walipigania njia, maji na chakula, mwisho wakachoka kupigana wakabaki wanatukanana kwa mapenzi. Mtani hukuvamia kwako, hukuita majina, huchukua kuku wako, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako.

Hao wawili walikuwa mabingwa. Mume wangu akipita na pikipiki, Mzaramo anatoka nje ya duka: "Mpagazi! Umeshautua mzigo wa Mwarabu?" Naye anajibu: "Nenda kacheze ngoma, mvivu wewe, nazi zitajikuna zenyewe!" Baba mkwe alipofariki, Mzaramo alishuka kaburini kabla ya maiti, akajilaza chali, akasema marehemu asubiri kwanza, chumba kina mpangaji. Hakutoka mpaka alipopewa jogoo. Watu walikuwa wanalia na kucheka pamoja, na mume wangu alicheka kuliko wote, machozi yanamtiririka. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Anakuja kukushika usianguke.

Kwa hiyo nilipoegesha pikipiki mbele ya duka lile nilijiandaa kwa kelele. Nilishapanga hata la kujibu.

Mzaramo alikuwa amechuchumaa anajaza upepo. Akatuona. Akamwangalia mume wangu anavyoshuka: kwanza ananishika bega, kisha anautoa mguu wa kushoto kwa mkono wa kulia, anaushusha chini, anautazama kama umefika. Mzaramo akasimama, akajifuta mikono kwa kitambaa, akavua kofia.

"Shikamoo mzee wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Pole sana. Pole sana kwa yaliyokukuta. Nimekuwa nikisema nije, basi tu, shughuli."

Nilimwona mume wangu usoni. Wakati wa kuugua kwake nimeiona sura yake katika hali nyingi, akishindwa kushika kijiko, akishindwa kufika chooni. Ile sikuwahi kuiona.

"Marahaba," akajibu.

Mzaramo akaleta kiti chenye mgongo, akakifuta. Akaleta maji. Akauliza kama jua halimchomi. Mume wangu akakaa, akasema anataka matairi, ya mbele na ya nyuma, kashata. Mimi nikasimama nyuma ya kiti nikimtikisia Mzaramo kichwa, namkonyeza, namfanyia ishara zote ninazozijua, jamani, hapana, usimpe. Ameniona, najua ameniona. Akageuza macho.

"Utapata, mzee wangu. Mzigo mzuri umeingia."

Akaleta kashata la nyuma, jipya, akaliegemeza kwenye goti zima la mume wangu. Na hapo mume wangu akawa mtu mwingine kwa muda. Alilisoma tairi ubavuni, zile namba ndogo zinazosema limetengenezwa wiki gani ya mwaka gani, akaguna. Alitafuta mshale unaoonyesha litakakozungukia. Alikandamiza ukucha kwenye mpira akangoja kuona kama alama inafutika. Akanusa. "Hili limekaa dirishani," akasema, "jua limelila upande mmoja. Lete lililokuwa chini." Mzaramo akacheka kidogo, akaenda akaleta lililokuwa chini. Mikono ya bwana nyuki, hata ukibaki mmoja, haikosei. Mimi nikamtazama nikafikiri, haya, nani mimi wa kumnyang'anya hiki? Acha afunge kashata. Tutateleza tu pamoja.

Ndipo Mzaramo akasema. Aliinama kama wanavyoinama wauguzi, akamgusa bega.

"Utaendesha tu, mzee wangu. Mungu mkubwa. Tutakuona porini na mizinga yako, usiwe na wasiwasi."

Mume wangu akaliachia tairi. Likabingirika taratibu, likavuka benchi, likaenda kulala mtaroni. Hakuna aliyelifuata.

"Wewe Mzaramo," akasema. "Hapa amekufa nani?"

"Hakuna, mzee wangu."

"Usiniite mzee wangu! Nimekuuliza, amekufa nani? Unaniamkia. Unavua kofia. Umewahi kuniamkia lini wewe?" Maneno yalikuwa yanatoka kwa shida, anayasukuma moja moja. "Nimekaa ndani mwaka mzima. Wanakuja, wanasema pole, wanaangalia miguu yangu, wanaondoka. Nikasema, wote hao sawa, lakini Mzaramo atakuja. Atakuja kunitukana. Nikangoja. Baba yangu amekufa ukalala kaburini mwake! Hata maiti wetu ulimtania. Mimi niko chini ya maiti?"

Mzaramo alisimama pale na kofia yake mkononi. Nilidhani atalia. Badala yake akaivaa, akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa mbele ya mume wangu magoti yakigusana.

"Haya," akasema. "Umeyataka. Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani kwetu, kichwani, kwa miguu, hawakutua. Pwani nzima inawajua kwa kubeba. Leo mjukuu wao anabebwa na mwanamke kutoka Chemchem mpaka Ng'ambo, hapo tu, na akifika anaomba kiti. Wewe ni mpagazi wa namna gani unayebebwa? Nikikupakia kwenye treni nikupeleke kwetu, watauliza huu mzigo ni wa nani, na nani atalipia ushuru."

Loo! Mimi damu ilinipanda. Najua sheria, kwa mtani hakuna kukasirika, mimi mwenyewe ni Mnyamwezi. Sikujali. Nilimtukana Mzaramo matusi ambayo mwalimu hatakiwi hata kuyajua. Nikamwambia hana haya, hana utu, aje kwangu asubuhi ampakate huyu mtu amvalishe soksi ndipo aongee habari za kubeba. Nikamwambia koma, sitanyamaza mpaka nikuone umefunga duka. Wateja wa duka la jirani wakatoka kuangalia. Sijui ni hasira ya Mzaramo au ni ya mwaka mzima, ilitoka yote pale.

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja. Mume wangu alikuwa anacheka. Ule mdomo ulioshuka hauchekeki vizuri, unavuta upande mmoja na mate yanatoka, na yeye tangu augue alikuwa anaona aibu hata kutabasamu mbele za watu. Sasa alicheka mpaka kiti kikalia, anajipiga paja kwa mkono wa kulia, machozi, mate, kila kitu.

"Mwache, mama," akasema. "Mwache, huyo ni mtani. Mshenzi huyu. Ushuru!" Akacheka tena.

Nikamfuta mdomo kwa ncha ya kitenge. Hakunizuia.

Alipotulia alijipangusa machozi. Akamsogelea Mzaramo.

"Sasa niambie," akasema. "Kwa utani huo huo. Nitaendesha?"

Mzaramo akaniangalia. "Mbele ya shemeji?"

"Mbele yake. Yeye hatasema. Daktari hasemi. Wewe sema, nikishindwa kulimeza nitajua ulikuwa unanitania."

Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kusema twende nyumbani, mvua inakuja, chochote. Mzaramo akauchukua mkono wa kushoto wa mume wangu, ule uliojikunja, akauweka kwenye goti lake mwenyewe.

"Mimi si daktari," akasema, na hakuwa anatania tena, ingawa bado alijaribu kutabasamu. "Mimi nafunga matairi. Nimekuona ukishuka. Mguu umeushusha kwa mkono kama mtu anashusha gunia. Pikipiki yako klachi iko kushoto, mkononi. Gia iko kushoto, mguuni. Kulia umebakiwa na mafuta na breki. Unaweza kwenda mbio, na unaweza kusimama. Katikati ya hapo huna kitu, mtani wangu. Hutaendesha."

Sikumchukia mtu siku hiyo kama nilivyomchukia Mzaramo kwa dakika ile. Na hakuwa amesema chochote ambacho mimi sikukijua. Mume wangu aliutazama mkono wake pale kwenye goti la mwenzake. Alijaribu kufungua vidole. Kidole kimoja kilisogea. Barabarani bodaboda zinapita, mtu anauza karanga anagonga sahani, maisha yanaendelea kama hakuna lililosemwa.

"Liokote hilo kashata," akasema hatimaye. "Mpe mtu anayelihitaji. Lete ya lami. Yote mawili."

Mzaramo akayaleta mengi, akayapanga chini. Bwana nyuki akayapitia moja moja, ukucha, namba, mshale, pua. Mawili akayatupa. Akasema mpira uwe laini, kwa kuwa mvua ndiyo inaanza na laini hushika lami, hata kama litaisha mapema, liishe. Akasema la nyuma liwe pana kidogo kuliko lililokuwepo, kuna uzito wa watu wawili. Akasema tyubu mpya zote mbili, asione kiraka. "Huyu mama," akamwambia Mzaramo, "anakata kona kama anakata kitambaa. Mkono hautetemeki. Ila akiogopa anashika breki ya mbele peke yake. Mfungie la mbele lenye mistari mirefu, liende moja kwa moja hata akikosea." Sikujua kama ananitazama kiasi hicho. Mwaka mzima amekaa nyuma ya mgongo wangu, nikidhani ameinamisha kichwa tu, kumbe alikuwa ananisoma.

Tulikaa hapo mchana kutwa. Mzaramo anafunga, mume wangu anaelekeza, wanatukanana katikati. Upepo wa nyuma ongeza, abiria ni mzito. Ni mzito kwa uvivu, Mzaramo anajibu. Ni mzito kwa akili, wewe utajulia wapi. Nikanunua karanga, nikakaa kwenye ndoo nikala peke yangu. Ningepaswa kufurahi. Tumepata matairi ninayotaka, na ameambiwa mbele yangu lile neno ambalo sikuwa na ujasiri wa kulisema. Mzigo wa kuficha umenitoka. Nilikaa nikingoja furaha ije, haikuja, mabega yaliniuma tu.

Magurudumu yote mawili yaliporudi mahali pake, Mzaramo akaizungusha pikipiki kuikagua, akauliza kama kuna kingine.

"Kipo," mume wangu akasema. "Kile kikanyagio cha abiria, cha kushoto. Kichomelee bati pana, na ukingo kwa nje, mguu usiwe unadondoka. Na nyuma ya kiti niwekee chuma cha kuegemea, ukifunge sponji." Akaelekeza kidole kwenye kiti cha nyuma. "Ufanye kazi nzuri. Ndipo ninapokaa."

Hapo mimi nilitoka. Nilizunguka nyuma ya duka, kwenye lundo la matairi yaliyokufa yanayongoja kukatwa viatu vya makatambuga, nikalia huko nikiwa nimejiziba mdomo na kitenge. Muda wote nilitamani aelewe. Nilimwomba Mungu aelewe, nipumzike. Na alipoelewa nilitamani angebisha. Laiti angesimama aseme kashata, nyie wote hamna akili, kashata! Ningemfungia hizo kashata siku hiyo hiyo na nisingemuuliza swali.

Nilipanguza uso, nikarudi. Mzaramo alikuwa ameshika kamba, anataka kipimo cha kile chuma cha kuegemea, kianzie wapi mgongoni kiishie wapi. Mume wangu akasema apimiwe akiwa amekaa. Akainuka kwa mkono wa kulia, akakataa kushikwa, akaburuta mguu mpaka kwenye pikipiki yake. Akaushika, akaupitisha, akakaa. Alikaa nyuma kabisa, mahali pa abiria, akanyoosha mgongo ili Mzaramo apime. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Ufunguo nilikuwa nao mimi mkononi, na sikutaka kwenda kukikalia.